Noah Inachemsha Kila Ikipanda Nyang'oro, na Fundi Ni Shemeji Yangu

Shikamoo Mjomba Spana,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma. Nina Noah ya mwaka 2005, injini ya 1AZ, niliyoinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa anahamia mkoa mwingine. Jumatatu hadi Ijumaa inabeba wanafunzi. Jumamosi inabeba masufuria na majiko, maana mimi ni mpishi wa sherehe. Kwa hiyo usinione nalilia gari kama mtu anayependa starehe. Hilo ndilo linalolipa ada.

Mjini halina neno. Tatizo ni safari ya Iringa. Mwaka jana tulikwenda kumsalimia mama yangu mdogo. Tulipita Mtera vizuri, tukanunua samaki Migoli, watoto nyuma wanaimba. Tulipoanza kupanda Nyang'oro mshale wa joto nao ukaanza kupanda, na baada ya kona chache nikaona moshi kwenye boneti, kumbe ni mvuke. Tulikaa pembeni karibu saa nzima.

Fundi wetu ni mdogo wake mume wangu. Tuliporudi akafungua, akatoa themostati, akaitupia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Akaniambia, "Shemeji, hiki kidude Wajapani wamekiweka kwa ajili ya barafu yao. Dodoma na joto lote hili, cha nini?" Na kweli, tangu siku hiyo mshale haukufika hata nusu nikiwa mjini. Nikamshukuru, nikampikia pilau.

Pasaka tukapata msiba Iringa. Mlima uleule, na safari hii lilichemsha mapema zaidi, hata katikati ya mlima hatujafika. Tulikuwa na dumu la maji ya bomba kutoka nyumbani, tukayamaliza. Tangu hapo kila Jumatatu asubuhi naongeza maji kama nusu lita. Sasa shemeji anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, na kwa kuwa injini "imeshazoea kuchemsha", bora tuagize injini nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Bei aliyotaja ni ada ya watoto wote watatu. Mume wangu anasema mdogo wake hawezi kutudanganya. Mimi sisemi anatudanganya, ila roho yangu haitulii.

Halafu kuna hii baridi. Asubuhi za kipupwe stata inazunguka kivivu, "ngwe... ngwe... ngwe", ndipo gari liwake. Baba watoto ameanza tabia ya kuliwasha saa kumi na moja alfajiri na kuliacha lingurume dakika ishirini, chini ya dirisha la watoto, ili "lipate moto". Ndugu yetu aliyeko Finland ametuambia huko magari huchomekwa kwenye umeme usiku, basi baba watoto ameanza kuuliza bei ya kifaa hicho. Na muuzaji wa tairi za mtumba amempa nne zilizoandikwa STUDLESS, eti ni za baridi, zitatufaa Njombe. Maana wiki ya pili ya Julai tunapeleka posa huko, watu saba na mizigo.

Mjomba, nitoe hela ya injini au nisitoe? Na nikisema nataka fundi mwingine alitazame gari, nitakaaje na wakwe?

Mama wa Noah, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu, mbukwenyi wote hapo nyumbani.

Hela ya injini usitoe. Sisemi kwamba shemeji yako amekosea kila kitu. Gasketi, ule utando unaoziba kati ya hedi na bloku ya injini, inaweza kuwa imeungua kweli, na nitakueleza namna ya kuijua. Ila kwanza nenda jikoni, chukua birika unalochemshia maji ya chai, limulike ndani kwa tochi ya simu.

Umeuona ule ukoko mweupe? Ninavyosoma barua yako, ugonjwa wa gari lako unaanzia hapo. Maji mengi ya mji huu yanatoka ardhini, kwenye visima vya Makutupora na vile vya mitaani, na yana chumvi. Sisi wenyeji tumeyazoea. Mgeni ndiye anayeshangaa sabuni haitoi povu. Sasa rejeta ya Noah ndani yake ni vijia bapa, vyembamba kuliko mrija wa soda. Maji yakigeuka mvuke yanaondoka, chumvi inabaki. Nusu lita kila Jumatatu ni lita 26 kwa mwaka. Kwa mwendo huo unapitisha dumu zima na ziada ndani ya mfumo ambao ungeweza kukaa miaka na maji yaleyale ya siku ya kwanza. Kila dumu linaacha ukoko wake, na ukoko ni blanketi: joto linabaki kwenye injini badala ya kutoka kwenda kwenye upepo.

Mjini hulioni hilo, kwa sababu mjini gari linatumia robo tu ya nguvu zake. Toka Nkuhungu mpaka shuleni hata nusu ya rejeta inatosha. Lakini tazama barabara ya Iringa ilivyo. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Unateremka taratibu mpaka Mtera, ambako bwawa likijaa maji yanasimama kwenye mita 698.5. Halafu unaupandisha mzigo wote huo hadi Iringa, zaidi ya mita 1,500, na sehemu kubwa ya kupanda inakusanyika Nyang'oro. Watu saba, masufuria, AC inafanya kazi, gia ndogo, mwendo mdogo usioleta upepo. Hapo ndipo gari linahitaji rejeta yote, na wewe unayo nusu. Mlima hauna kosa, umekuonyesha tu kilichokuwepo.

Sasa tuje kwenye kile kidude cha Wajapani. Mimi mwenyewe ujanani, kwenye malori, nilizitupa themostati nyingi, tena kwa kujisifu. Kwa hiyo simcheki kijana. Lakini kazi ya themostati si ya barafu peke yake. Imefungwa injini ikiwa baridi ili ipate moto haraka, na karibu na nyuzi 82 inaanza kufunguka ili maji yaende kwenye rejeta. Kuna sehemu ya pili ambayo mafundi wengi wa mtaani hawaitazami. Kwenye injini nyingi, ikifunguka upande mmoja huku inaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Mjini mshale unalala chini, unafurahi, unapika pilau. Mlimani sehemu ya maji ya moto inakata kona na kurudi ilikotoka. Ndiyo maana mara ya pili lilichemsha mapema kuliko mara ya kwanza. Umeliandika mwenyewe kwenye barua yako bila kujua umelitaja jibu.

Kuna hasara nyingine ambayo hukuihesabu. Injini isiyopata moto sawasawa, kompyuta yake inadhani bado ni alfajiri, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Rudi kwenye daftari lako la mafuta, linganisha kabla na baada ya ile pilau.

Themostati mpya ikinunuliwa, msiifunge kabla ya kuipima. Iweke kwenye sufuria ya maji, ining'inie kwa uzi isiguse chini, washa jiko. Hapa kwetu, kwa huu mwinuko, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96, si 100, lakini yanatosha kabisa kwa kipimo hiki. Maji yakianza kutoa vipovu vidogo pembeni utaona kile kisahani cha katikati kinajisogeza polepole kama konokono anayetoa kichwa. Yakichemka kwa nguvu kiwe kimefunguka wazi. Yakipoa, kirudi na kuziba. Kama hakirudi, rudisheni dukani.

Dawa nafuu kuliko zote ni mfuniko wa rejeta, nao watu wanauona kama kizibo tu. Ndani una springi, na kazi yake ni kuyabana maji ili yasichemke mapema. Maji yaliyo wazi hapa Dodoma yanachemka 96 kama nilivyosema. Yakibanwa na mfuniko mzima yanavumilia hadi kupita nyuzi 115. Mpira wake ukikauka au springi ikichoka, umejipunguzia karibu nyuzi 20 za usalama bila kugusa kitu kingine. Juu yake kumeandikwa namba, 0.9 au 1.1. Nunua wenye namba ileile ya gari lako. Bei yake ni ya kuku, sio ya ng'ombe.

Rejeta yenyewe mtaijua hivi. Gari likishapata moto, lizimwe, ufunguo utolewe, kisha fundi apitishe kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuugusa, kutoka juu hadi chini. Ipate joto sawia. Akikuta mahali pa baridi katikati ya joto, vijia vya hapo vimeziba. Zile rejeta za zamani za shaba mafundi wa kulehemu walikuwa wanazifungua na kuzizibua kwa fito, lakini hizi za siku hizi ni aluminiamu na plastiki, hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ikiwa imeziba sana, nunueni nyingine. Nayo ni bei, ndiyo, lakini hailingani na injini. Msikubali mtu amwagie tindikali ya betri ndani eti inasafisha. Itasafisha mpaka aluminiamu. Na kwa nje, kwa vumbi letu hili, itazameni: mapezi yakijaa udongo na wadudu, upepo haupiti. Osheni kwa maji ya kawaida kutokea upande wa injini kwenda nje, bila mashine ya presha, maana ile inalaza mapezi yote.

Feni: washa gari, washa AC, sikiliza. Feni zisizoanza kuzunguka muda mfupi baada ya hapo zina hadithi ya kueleza.

Na hiyo nusu lita ya kila wiki inakwenda wapi? Hapa chumvi yetu inatusaidia kwa mara ya kwanza. Maji ya Dodoma yakivuja na kukauka yanaacha mstari mweupe. Mulika pampu ya maji kwa chini, kwenye kitundu chake kidogo, mulika maungio ya rejeta ya plastiki na aluminiamu, mulika kila mpira unakobanwa na klipu. Mstari mweupe ukiuona, umemkamata.

Usipouona popote, ndipo tuzungumze gasketi. Asubuhi kabla gari halijawashwa, minya mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Uwe laini. Ukiwa umekakamaa kama vile gari limetoka safarini, kuna gesi ya silinda inayoingia kwenye maji, na hiyo ni gasketi. Kipimo cha pili: injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, washa, tazama ndani. Vipovu vichache vya mwanzo ni hewa iliyobaki, vitaisha. Vinavyoendelea kama soda, tena vinaongezeka ukikanyaga mafuta, ni gasketi. Watu watakuambia pia utazame oili kama imekuwa chai ya maziwa. Ni kweli, lakini tahadhari: injini isiyo na themostati, kwenye safari fupi za wanafunzi asubuhi za baridi, hukusanya unyevu na kuacha utando wa maziwa chini ya kifuniko cha oili hata kama gasketi ni nzima. Kwa hiyo tazama kijiti cha oili, usihukumu kwa kifuniko.

Ikithibitika ni gasketi, basi ibadilishwe, lakini kwa sharti. Injini za familia yako ya AZ zina bloku ya aluminiamu, na bolti za hedi zimeng'ata kwenye aluminiamu hiyo. Zikishachemshwa, nyuzi zake zinaweza kulegea. Fundi anayebadili gasketi bila kupima kama hedi imepinda, na bila kukagua nyuzi za bolti, anakukopesha miezi mitatu. Na injini ya mtumba unayoahidiwa kutoka Dar es Salaam ni AZ vilevile, ambayo hujui nani aliichemsha kabla yako. Ukiifunga kwenye rejeta hiihii iliyoziba, utakutana nayo tena Nyang'oro.

Baada ya matengenezo, bomba na rejeta viachane kabisa. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Ile iliyochanganywa tayari kiwandani inamiminwa kama ilivyo. Ile nzito inachanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri. Nasema ya kuongezea, sio asidi, maana nimewahi kuona kijana akibeba chupa isiyo yenyewe. Na rangi isikudanganye: maji yenye rangi ya waridi si lazima yawe kulanti. Nunua chupa iliyofungwa, yenye maelezo, kwenye duka utakaloweza kurudi kulalamika. Kulanti inazuia kuganda, ndiyo, lakini kwetu sisi faida yake kubwa ni kuzuia kutu na ukoko.

Sasa baridi. Julai alfajiri Dodoma inashuka hadi nyuzi 13 au 14. Tunajifunga mashuka, lakini kwa injini hiyo ni hali ya hewa ya kupendeza. Stata inayosema "ngwe" inalalamikia betri. Betri hapa kwetu zinauawa na joto la Oktoba na Novemba, kisha zinasubiri kipupwe ndipo zitangaze msiba. Ipimeni betri kwa mita gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Likiwashwa isome kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo, tazameni alteneta, ile inayochaji betri, na mkanda wake. Safisheni pia vichwa vya betri, ule unga wa kijani na mweupe unazuia umeme.

Kile kifaa cha Finland ni kweli kipo, na huko kina maana, kwa sababu usiku unaweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na oili ikawa nzito kama asali. Mwambie baba watoto ahifadhi hela yake. Na zile dakika ishirini chini ya dirisha aache leo hiihii, si kesho. Moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksidi, haionekani wala hainuki, na inaua watu waliolala. Awashe, asubiri nusu dakika au dakika moja oili izunguke, aondoke taratibu bila kukanyaga kwa nguvu kwa kilomita chache za mwanzo. Unajua kwa nini anaona dakika ishirini hazitoshi? Kwa sababu gari halina themostati. Ikirudishwa, mtashangaa linavyopata moto upesi. Na msipoirudisha, mkifika Njombe mkafungua hita itawapulizia upepo wa Makambako.

Zile tairi. STUDLESS ni tairi za theluji za Kijapani. Mpira wake ni laini makusudi, una mikato midogo mingi kama wembe umepita, ili ushike barafu. Njombe ni baridi, asubuhi za Julai inashuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete mashamba huamka meupe kwa jalidi, lakini barabara mtakayopita haina theluji. Kwenye lami ya moto ya Mtera saa saba mchana mpira huo unalegea, unaisha haraka, na breki inachukua hatua nyingi zaidi. Kwa gari lililojaa watu, sizipendi hata kidogo. Tazama pia ubavuni kuna duara lenye tarakimu nne za mwisho: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Muuzaji akizifunika kwa kidole, shika njia. Tafuteni tairi za kawaida, na upepo ujazwe kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tairi zikiwa baridi.

Kabla ya Njombe lijaribuni hapahapa. Pakieni watu na mizigo, pandeni kilima cha chuo kikuu, UDOM, mara tatu nne mfululizo, mchana, AC imewashwa. Sio Nyang'oro, lakini dosari iliyobaki itaanza kujionyesha mkiwa karibu na nyumbani. Siku ya safari ondokeni alfajiri ili mlima mkutane nao kabla jua halijakolea, zimeni AC tangu Izazi, na mshale ukianza kupanda fungueni hita yote kwa moto wa mwisho. Mtatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mkilazimika kusimama, mfuniko usiguswe mpaka mpira wa juu uwe wa kushikika kwa mkono. Nimemwona mtu aliyeufungua kwa haraka. Alikaa na bandeji usoni mwezi mzima. Wakati wa kurudi, mlima uleule mnaushuka kwa gia ndogo, mguu usikae kwenye breki.

Mufindi hadi Njombe mtakutana na ukungu. Taa za chini, sio full, kwa sababu full inaurudisha ukungu machoni pako. Kioo kikifanya umande ndani na watu saba wanapumua, washeni AC pamoja na hita na mruhusu hewa ya nje iingie. AC inakausha hewa. Wengi wanadhani ni ya kupooza tu.

Nimekuachia shemeji mwisho kwa sababu ndilo gumu. Usilipeleke gari kwa fundi mwingine kwa kificho. Dodoma ni kubwa siku hizi lakini magereji yanafahamiana. Wala usimwambie mbele ya kaka yake kwamba Mjomba Spana amesema amekosea. Mwalike Jumapili, mpikie tena. Nunua themostati na mfuniko, viweke mezani, mwambie, "Shemeji, nataka unifundishe namna hii inavyofanya kazi," kisha leta sufuria na jiko. Mwache yeye ashike ule uzi. Kijana aliyejifunzia kazi mtaani mara nyingi hajawahi kuiona ikifunguka kwa macho yake. Aliambiwa aitoe, akaitoa. Mimi nilionyeshwa nikiwa na miaka arobaini na kitu, na mzee mmoja wa karakana ya reli, na nilinyamaza kama mtu aliyekamatwa mkono ukiwa mfukoni mwa mwingine.

Halafu muombe avifanye vile vipimo viwili vya gasketi, asubuhi, ukiwa umesimama hapo na baba watoto. Mpira ukiwa laini na vipovu vikiisha, suala la injini litajifia lenyewe bila ugomvi. Vikiendelea, basi ni yeye ameonyesha ushahidi, na mtapanga hela ya hedi mkijua mnalipia nini. Akikataa kupima kabisa, hapo una haki ya kutafuta macho mengine, na mwenye kumwambia ni kaka yake, sio wewe.

Nyie anzeni na mfuniko wiki hii. Jumatatu ijayo, kabla ya kuongeza chochote, pima kwa kikombe cha chai maji yaliyopungua, uandike. Jumatatu ya pili pima tena, uniletee namba zote mbili.

Mjomba Spana